Kaka kafungwa miaka 30 kwa shahidi mmoja wa usiku

Pole sana dada. Unasema kaka yako kafungwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, na aliyemtaja ni mama mwenye nyumba peke yake, aliyemwona kwa mwanga wa tochi saa nane usiku. Rufaa ina pa kushika.

Kwanza muda: notisi (taarifa ya kusudio la kukata rufaa) ya kwenda Mahakama Kuu ya Tanzania ni siku 10 tangu hukumu, kaka aitoe kupitia mkuu wa gereza. Sababu za rufaa ni siku 45, bila kuhesabu siku za kusubiri nakala ya mwenendo (kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani) na hukumu.

Ukipata mwenendo, soma ushahidi wa yule mama neno kwa neno. Tochi ilikuwa mkononi mwa nani? Kama waliishika majambazi wakammulika machoni, aliyeona vizuri ni wao, siyo yeye. Tangu kesi ya mtu aitwaye Waziri Amani ya 1980, mahakama hutaka kujua mwanga ulikuwaje, umbali, alimtazama kwa muda gani, na kama walifahamiana. Kusema tu "palikuwa na mwanga" hakutoshi.

Halafu, majirani walipofika alimtaja jina? Kama alimfahamu lakini akamtaja siku tatu baadaye, lisisitizeni hilo sana. Kama kaka alikuwa mgeni kwake, tazameni kama yule mama alieleza sura na mavazi kabla ya gwaride la utambulisho (pale polisi wanapopanga watu mstari ili shahidi amchague aliyemwona).

Ila kama kaka alikutwa na mali iliyoibwa, hali ni tofauti, mwambieni wakili mapema.