Shona Kwanza, Deraya Baadaye

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Tanga, nyumbani kwetu kabisa, aliniandikia. Amekuja Ujerumani kusoma. "Shikamoo kaka. Nimeona picha zako ukiwa umevaa kama askari wa Zama za Kati. Na mimi nataka. Deraya inauzwa wapi?"

Nikamjibu marahaba, kisha nikakaa kimya na simu mkononi. Swali lake ndilo nililoanza nalo mimi, na lilinigharimu.

Mwaka 2019, miezi michache baada ya kuhamia Leipzig, nilikwenda kwenye soko la Zama za Kati, ambako watu huvaa na kufanya kazi kama Ulaya ya enzi zile, katika magofu ya ngome. Wahunzi walikuwa wanafua visu, akina mama wanasokota sufu, vijana wamevaa chuma kuanzia kichwani. Moyo wangu ukabaki pale. Usiku ule ule nikaagiza deraya, vazi la vita la pete za chuma, mtandaoni, na soko lililofuata nikaivaa juu ya fulana.

Kufika adhuhuri mabega yamechubuka. Pete zake zilikuwa zimekutanishwa ncha tu, bila ribiti, yaani kimsumari cha kuzifunga, kwa hiyo kila nikiinua mkono zilifunguka kwapani na kudondoka majanini. Mzee mmoja wa kikundi fulani akanitazama, akasema mbele ya watoto kwamba Zama za Kati watu kama mimi hawakuwepo Ulaya, afadhali nikauze viungo kibandani.

Niliivua nikaondoka. Maneno yale yananiuma hadi leo ninapoandika.

Aliyeniinua ni mtakatifu wa mawe. Kutoka Leipzig hadi Magdeburg ni saa moja na kitu kwa treni, na ndani ya kanisa kuu la mji ule imo sanamu ya Mtakatifu Mauritius, askari wa Kirumi aliyeuawa kwa imani yake ya Kikristo, iliyochongwa yapata mwaka 1240 hadi 1250. Ni Mwafrika. Pua, midomo, rangi ya uso, hakuna wa kubisha. Amevaa deraya ya pete yenye kofia yake, na juu yake vazi lililotiwa mabamba ya chuma, mojawapo ya sanamu za kale kabisa zinazoonyesha vazi la aina hiyo. Kaisari Otto wa Kwanza, aliyezikwa humo humo, ndiye aliyeanzisha monasteri ya Mauritius pale mwaka 937. Yaani wachongaji wa Magdeburg walipotaka kumwonyesha shujaa wa kanisa lao akiwa na silaha zake, walichonga mtu mweusi. Nilisimama mbele yake mpaka mlinzi akaja kuniambia wanafunga.

Nikaamua kutengeneza mavazi yale mwenyewe, na kuanzia ndani. Hapo ndipo ushauri wangu ulipo, na nitaurudia: shona kwanza. Shati la kitani la karne ya 13 hukatwa kwa vipande vya mraba na pembe tatu ili kitambaa kisipotee, na kwapani huwekwa kipande kidogo ili mkono uinuke bila kuchana. Mama yangu, fundi cherehani, alikuwa akiweka kipande kile kile kwenye kanzu. Nilipokishona nikiwa peke yangu, theluji nje, nililia. Baada ya shati nikashona gambesoni, lile koti nene la kitani lililoshindiliwa sufu. Bila koti hilo chuma kitakula mabega yako kama kilivyokula yangu.

Deraya yenyewe ilinichukua miezi kumi na minne. Waya unauzungusha kwenye nondo, unakata pete, unazibapa ncha, unatoboa, kila pete unaipitisha kwenye pete nne nyingine, kisha unapiga ribiti. Pete zaidi ya elfu ishirini, kilo kumi na moja. Funga mkanda kiunoni ili uzito usiishie mabegani. Na usikimbilie deraya, nimeshasema.

Chakula nacho kinakufundisha. Kabla ya safari ya Columbus ya 1492 Ulaya haikuwa na nyanya, viazi, mahindi wala pilipili kali. Kambini napika uji wa shayiri, dengu na vitunguu, na mkate wa rai, nafaka inayofanana na ngano. Ukifikiri vizuri, hata kwetu Tanga enzi hizo hapakuwa na ugali wa mahindi. Babu zetu walikula mtama na uwele. Msafiri Ibn Battuta wa Morocco alipofika Kilwa mwaka 1331 alikuta mji mzuri wa nyumba za mbao. Vijana wetu wanapaswa kuyajua haya kabla ya kukubali kuambiwa kwamba hawakuwepo popote.

Mwezi uliopita nilirudi kwenye soko lile lile. Mhunzi aliishika deraya yangu, akachunguza ribiti moja moja, akauliza nani fundi. Nikasema ni mimi. Akaniita nikae kwenye moto wao. Yule mzee hakuwepo, na nakiri nilimtafuta kwa macho siku nzima.

Kijana wa Tanga nimemjibu kwamba duka la deraya sitampa. Jumamosi anakuja kwangu. Nimeshafua mita nne za kitani ili kirudi kabla hatujakikata, na nimemwambia aje na sindano.