Uanzie wapi kumsoma Natalia Ginzburg

Dada, umeuliza uanze na kitabu gani cha Natalia Ginzburg, mwandishi wa Italia, na kama ni lazima ujue maisha yake kwanza. Anza na Lessico famigliare, kitabu cha kumbukumbu za familia yake kilichotoka 1963 na kushinda Tuzo ya Strega, tuzo kubwa ya fasihi ya Italia, mwaka huohuo. Mwenyewe aliomba kisomwe kama riwaya, ingawa majina yote ni ya watu halisi. Utamkuta baba yake, Giuseppe Levi, profesa wa anatomia mjini Turin, akifoka mezani na kuwaburuta wanawe milimani. Utamkuta kaka yake Mario akijitupa mtoni na koti lake mwilini, akiwakimbia mafashisti kuelekea Uswisi. Majina ni mengi mno. Usihangaike kuyakariri, sauti zao zitakukaa zenyewe.

Jambo moja tu lijue mapema. Mumewe, Leone Ginzburg, alikufa Februari 1944 katika gereza la Regina Coeli, Roma, baada ya kuteswa na Wajerumani. Kitabuni kifo hicho kina mistari michache sana, na msomaji mwenye haraka hukipita. Wewe simama hapo. Kwangu mimi, hakuna mahali anapoandika kwa nguvu zaidi.

Ukimaliza, tafuta Le piccole virtù, mkusanyo wa insha wa 1962. Soma kwanza ile ya majira ya baridi huko Abruzzo, mkoa wa Italia ambako yeye na mumewe walikuwa wamehamishwa kwa lazima na serikali ya kifashisti ya Mussolini. Riwaya zake za awali zinaweza kusubiri.