Je, inajuzu kuusia konea za macho zitolewe baada ya kufa?

SWALI: Assalaamu alaykum, sheikh. Ninataka kuandika wasia kwamba nikifa, konea za macho yangu apewe asiyeona. Ndugu zangu wananipinga, wakidai kuwa nitafufuliwa kipofu, na kwamba atakayepewa akitazama haramu, dhambi itaniandama kaburini. Ipi hukumu yake?

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullah. Kwa kauli ya wanavyuoni wengi wa zama hizi, jambo hili linajuzu kwa masharti. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1988, liliruhusu aliye hai awekewe kiungo cha maiti ikiwa uhai wake, au kazi ya msingi ya mwili wake, inategemea kiungo hicho, madhali marehemu aliidhinisha kabla ya kufa au warithi wake wameidhinisha baada yake. Kuona ni katika kazi hizo. Ama kuuza, hakujuzu hata kidogo.

Wapo waliokataza, hasa katika wanavyuoni wa Bara Hindi, nao wameshika hadithi ya Bibi Aisha (r.a.) iliyopokewa na Abu Daud, kwamba kuuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai. Hoja yao ni nzito na haifai kudharauliwa. Hata hivyo, ninavyoona mimi, kinachokatazwa hapo ni kumvunjia maiti heshima, na kutoa konea kwa adabu hakufiki huko: ni utando mwembamba, angavu, usio na mishipa ya damu, ulio mbele ya mboni, ambao hutolewa saa chache baada ya mauti, kisha kope zikafumbwa na uso ukabaki na sura yake, wala josho na maziko hayana haja ya kucheleweshwa.

Ama hofu ya kufufuliwa kipofu, Allah amekwisha kuijibu katika Surat al-Qiyama, aya ya 3 na ya 4, kwamba Anaweza kuikusanya mifupa na kuzisawazisha hata ncha za vidole. Aliyeliwa na samaki baharini atafufuliwa, seuze aliyepungukiwa na utando! Upofu uliotajwa katika Surat Twaha, aya ya 124, ni wa aliyeupa mgongo ukumbusho wa Mola wake. Na kuhusu dhambi, Surat al-An'am, aya ya 164, inatosha: mbebaji habebi mzigo wa mwingine. Anayetazama ndiye atakayeulizwa.

Mwili si mali, kwa hiyo hesabu ya thuluthi, yaani kutousia zaidi ya theluthi ya mali, haiingii hapa. Hii ni idhini tu, nawe unaweza kuiondoa wakati wowote. Iandike mbele ya mashahidi wawili, umwachie nakala yule atakayesimamia mazishi yako, kwani wasia unaopatikana sandukuni siku ya tatu haumfai asiyeona. Ndugu zako nao uzungumze nao sasa, kwa upole, wala usiwaachie mzozo mbele ya jeneza.

Wallahu a'lam.