Maswali ya Wasomaji: Kamera Ndogo Isiyo na Kioo

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Nina Sony a6000 ya mtumba na lenzi iliyokuja nayo, 16-50mm. Mchana mambo safi. Usiku, nikipiga picha za ngoma jukwaani TaSUBa (chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo), wachezaji wanatoka na ukungu au picha inajaa chengachenga (vitone vya rangi). Ninunue kamera mpya? *Msomaji, Dunda, Bagamoyo*

JIBU: Usiiuze. Ni kamera ya mwaka 2014, lakini sensa yake (kipande kinachopokea picha) ya kipimo cha APS-C, megapikseli 24, ni ya ukubwa uleule unaoukuta kwenye kamera nyingi mpya za bei nafuu. Kinachokuangusha ni lenzi. Ukiivuta hadi 50mm, tundu lake la mwanga haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Mikono ya mpiga ngoma inataka shata (muda wa kuingiza mwanga) ya sekunde 1/250 angalau. Kwa tundu hilo na taa za jukwaani, ISO, yaani wepesi wa sensa kuhisi mwanga, inaweza kupanda hadi 12800, na hapo ndipo chengachenga zinapotoka. Ukishusha shata hadi 1/60, unapata ukungu. Lenzi ina kituliza mtikisiko, ndiyo, ila kinatuliza mkono wako, hakimtulizi mchezaji.

Tafuta lenzi ya 50mm f/1.8 ya maunti ya E (kishikizo cha lenzi cha kamera yako). Ikifunguliwa yote inaingiza mwanga karibu mara kumi ya f/5.6, hivyo penye ISO 12800 utashuka hadi kama 1250. Ujue tu kwamba kwenye sensa hii 50mm inaona kama 75mm ya kamera ya filamu: utapata mtu mmoja au wawili, si kundi zima. Wa makundi achukue 35mm.

Weka M (kupanga mwenyewe), shata 1/250, f/2, ISO Auto yenye kikomo cha 3200, fokasi AF-C (inayomfuata anayesogea), na upige RAW (faili ghafi la picha). Kwa f/2 fokasi ni nyembamba, kwa hiyo ishike usoni, si kwenye ngoma iliyo mbele yake.

Mfuko ukibana, lenzi kuukuu ya Nikon yenye pete ya tundu inakaa vizuri kwa adapta. Fokasi utazungusha kwa mkono. Kamera ikigoma kupiga, ingia kwenye menyu, tafuta "Release w/o Lens" (kupiga bila lenzi), uweke Enable. Wengi huilaumu adapta bure.

SWALI: Betri inaniishia harusi ikiwa katikati. *Msomaji, Magomeni, Bagamoyo*

JIBU: Ndivyo ilivyo. NP-FW50, betri ya a6000, hutoa picha kama 360 kwa skrini na 310 kwa kitundu cha kuchungulia. Nunua mbili za akiba na uwashe Airplane Mode. Pawabanki inachaji betri ikiwa ndani ya kamera, lakini kamera ikiwa imezimwa tu.

SWALI: Nikipiga picha za majahazi, angani kuna madoa ya kijivu, yaleyale kila picha. Lenzi nimeifuta sana. *Msomaji, Bagamoyo mjini*

JIBU: Acha lenzi, vumbi liko kwenye sensa. Kamera hizi hazina kioo cha ndani (mirror) cha kuikinga: ukitoa lenzi tu, iko wazi mbele ya upepo wa pwani. Hakikisha hivi: f/16, ISO 100, piga ukuta mweupe ukiwa umeharibu fokasi. Kwa f/2.8 madoa huonekana kama yamepona, kwa sababu kivuli cha vumbi kinatawanyika.

Betri ikiwa imejaa, chagua Cleaning Mode; kamera itajitikisa. Izime, toa lenzi, iinamishe sensa itazame chini, pulizia kwa pampu ya mpira. Usipulize kwa mdomo, mate hukauka yakaacha alama, wala usitumie kopo la hewa. Doa la juu ya picha lipo chini ya sensa. La kushoto liko kushoto kwako ukiitazama kwa mbele.

Likibaki, huenda ni unyevu wa chumvi, na pampu haiutoi. Chukua kifutio cha sensa cha saizi ya APS-C na matone mawili ya dawa yake, pitisha mara moja kwa upande mmoja, geuza, rudi mara moja. Kitambaa cha miwani kisiguse hapo.