Asisubiri augue ndipo aanze dawa

Dada, umeuliza kama mdogo wako wa kiume aliyekutwa na VVU aanze dawa sasa au asubiri, kwa kuwa anajisikia mzima na anaogopa kupoteza siku za kazi akienda kliniki. Aanze sasa. Tangu 2015 Shirika la Afya Duniani linashauri kila anayekutwa na virusi aanzishiwe dawa bila kusubiri kinga ishuke.

Hizo siku za kazi anazohofia, hebu zipigieni hesabu upya. Siku chache za kliniki kwa mwaka (aliyetulia kwenye dawa huweza kupewa za miezi 3 hadi 6 kwa mkupuo) si kitu mbele ya kulazwa wiki kadhaa kwa kifua kikuu. Tena akilala yeye, halali peke yake. Kuna atakayeacha shughuli zake amuuguze, akiba itaisha, na mtoto wa mtu atakosa ada. Nimeuguza, najua.

Halafu kuna hili, ambalo nadhani litamtuliza zaidi. Akimeza dawa vizuri hadi kipimo kisione virusi kwenye damu na akabaki hivyo, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Hilo limethibitishwa kwa utafiti. Anaweza kuoa, kupata watoto wasio na virusi, na kupanga mambo ya miaka 30 mbele. Ila asije akaacha dawa kwa sababu tu amenawiri.

Usimsukume kwa maneno makali. Mwombe akuruhusu umsindikize siku ya kwanza.