Filamu fupi ya kutisha kwa simu: usisubiri kamera, anza na sauti

Wakuu, habari. Mdogo wetu wa kidato cha sita ameuliza kama mwanafunzi mwenye simu na laptop ya kuazima anaweza kufanikiwa kwa filamu fupi za kutisha, au asubiri chuo na kamera nzuri. Usisubiri, mdogo wangu. Nimeshuti na kuediti filamu fupi tangu nikiwa chuo, nyingi za kutisha, kwa hiyo nakujibu kama fundi.

Kama hujamfuatilia Kane Parsons wa California, mfuatilie. Januari 2022, akiwa na miaka 16 na bado yuko sekondari, aliweka YouTube filamu ya dakika kama tisa, The Backrooms. Kijana mmoja yuko na wenzake wanashuti, mara anaanguka na kujikuta peke yake kwenye vyumba vitupu vya njano visivyo na mwisho. Imetazamwa mara makumi ya mamilioni. Mwaka uliofuata kampuni ya filamu ya Marekani, A24, ikatangaza kwamba ataongoza filamu ndefu ya kisa hichohicho, James Wan, mwongozaji maarufu wa filamu za kutisha, akiwa miongoni mwa watayarishaji, na 2025 ikashutiwa na mwigizaji wa hadhi ya Chiwetel Ejiofor.

Wengi huiita bahati. Mimi naona hesabu. Vile vyumba alivitengeneza kwa Blender, programu ya bure ya kuchora picha za 3D, na kazi ngumu ya picha za kompyuta ni kuzifanya zionekane za kweli. Akaipa picha sura ya mkanda wa VHS wa miaka ya tisini: chenga, rangi zilizofifia, kamera inayotikisika. Kasoro zote zikamezwa humo, na mtazamaji akaamini anaangalia mkanda uliookotwa mahali.

Halafu kisa chenyewe hakukianza mwanzo. Mwaka 2019 mtu asiyejulikana alibandika kwenye 4chan, jukwaa la mtandaoni, picha ya chumba kitupu cha njano, mwingine akaongeza maneno, kikawa kisa cha kutishana mitandaoni. Baadaye ikagundulika kuwa picha ilipigwa 2002 huko Oshkosh, Wisconsin, kwenye duka lililokuwa linakarabatiwa. Duka tu! Lakini watu walishakiogopa kile chumba kabla Kane hajawasha kompyuta. Na sisi hatujapungukiwa. Mwanamke mzuri anayeomba lifti usiku, dereva akitupa jicho anaona kwato chini ya baibui: kuanzia Tanga hadi Mombasa huhitaji kumweleza mtu. Popobawa wa 1995, Pemba na Unguja, watu wazima walilala nje kwa makundi. Chukua hofu iliyopo tayari, maana filamu ya dakika nne haina nafasi ya kuijenga upya.

Sasa sauti, na hapa naomba unisikilize vizuri. Filamu yangu iliyofanya ukumbi mzima upige kelele haina jini wala damu. Ni usiku, korido ya hosteli, dada anapiga mswaki kwenye sinki la mwisho, na kandambili za mtu zinasikika zikija. Anageuka, korido tupu, kandambili kimya. Anarudi kwenye mswaki, zinaanza tena, safari hii zimelowa. Basi.

Zile kandambili hazikurekodiwa siku ya kushuti. Nilizirekodi baadaye peke yangu kwenye sakafu ya saruji, simu nimeilaza juu ya taulo karibu na miguu, nikazirudia kwa mbali na kwa karibu, kavu kisha na maji. Nilitumia muda mrefu kuliko kushuti filamu yenyewe, na sijawahi kujivunia kazi nyingine kama ile. Mwenzangu alitaka sana muziki, nikakataa, kwa sababu muziki humwambia mtazamaji aogope lini. Nikabakiza mvumo wa tyubulaiti na bomba linalodondoka. Ukirudi kwa Kane utausikia mvumo huohuo wa taa, hauachi.

Upande wa picha ni mfupi. Simu gizani hujaa chenga, kwa hiyo shuti jua likishazama tu, kisha punguza mwanga kwenye kuediti. Bonyeza kioo mpaka fokasi na mwangaza vijifunge, la sivyo simu itajirekebisha katikati ya shoti na hofu yote itayeyuka. Maneno ya waigizaji yarekodi kwa simu ya pili, iwe karibu na mdomo.

Na wazo liwe moja. David F. Sandberg wa Sweden, mwaka 2013, alishuti filamu fupi, Lights Out, nyumbani akiwa na mkewe: taa ikizimwa kuna mtu, ikiwashwa hayupo. Haifiki dakika tatu, na 2016 akaongoza filamu ndefu ya wazo hilohilo Hollywood. Ukiona skripti yako inahitaji mtu aeleze jini ametoka wapi, punguza.

Ukishutia shuleni, omba ruhusa ya mkuu wa shule kwa maandishi, na kabla ya kuonyesha hadharani pitia Bodi ya Filamu uulize habari za vibali na daraja la umri wa watazamaji. Tamasha la filamu la ZIFF kule Zanzibar wanapokea filamu fupi, fuatilia wanapotangaza. Skripti yako ikifika ukurasa mmoja ibandike hapahapa kwenye uzi, nitaisoma na kukuambia kila sehemu inayohitaji sauti.