S24 ya kawaida au Ultra? Tulinunua zote mbili, nyumba moja

Mwanzoni mwa 2024 nilipokea mchezo, yaani zamu yangu ya hela ya kikundi, na wiki hiyohiyo mdogo wangu naye akalipwa fedha zake za kazi ya bandarini. Simu zetu zote mbili zilikuwa zimechoka. Samsung walikuwa ndiyo wametoa Galaxy S24 mwezi wa kwanza, basi Jumamosi moja asubuhi tukashuka Kariakoo pamoja, tukatoka na simu mbili: yeye S24 ya kawaida, mimi S24 Ultra. Tangu siku hiyo simu hizo zinachajiwa kwenye meza moja sebuleni. Watu wakiniuliza wachukue ipi, nasema nilichokiona kwa macho yangu.

Kwanza pesa. Bei ya kuanzia Marekani ilikuwa dola 799 kwa S24 na dola 1,299 kwa Ultra. Dola 500 za tofauti, kwa kiwango cha wakati ule, zilikuwa kama shilingi milioni 1 na robo. Kariakoo bei hupanda na kushuka kulingana na mzigo ulioingia, lakini pengo lilikuwa la ukubwa huohuo. Mimi nauza madera na vitenge mtandaoni, na kwangu milioni na robo ni mzigo mpya dukani. Ndiyo maana sipendi mtu anayejibu haraka kwamba chukua kubwa, hutajuta. Unaweza kujuta vizuri tu.

Halafu kwenye bei hizo kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Hiyo dola 799 ni ya S24 yenye nafasi ya GB 128, wakati Ultra inaanzia GB 256. S24 ya GB 256 ilikuwa dola 859. Ukitaka kulinganisha kwa haki, linganisha hizo mbili. Mdogo wangu alichukua ya 128 ili abaki na hela ya kava na chaja, na hapo ndipo alipokosea. Simu hizi hazina sehemu ya memori kadi. Mfumo wenyewe unakula kipande chake, WhatsApp ya ofisini inajaza nyaraka na picha za makontena, magrupu ya ukoo yanaleta video kila asubuhi. Haukuisha mwaka, akawa anakaa kitandani usiku anafuta picha moja moja ili apate nafasi ya kupokea faili la kazi. Siku moja alifuta video ya marehemu bibi yetu bila kujua. Tuliipata baadaye kwenye simu ya binamu, lakini kwa saa kadhaa nyumba nzima tulikuwa kimya.

Kwa hiyo ukiamua kuchukua ya kawaida, ongeza hela kidogo upate nafasi kubwa. Hilo nalisema kwa uzito kuliko mengine yote humu. Nafasi utaitumia kila siku, utake usitake.

Tuje kwenye kamera, maana ndiyo inayowapeleka wengi kwenye Ultra. Kwenye boksi ya Ultra kuna megapikseli 200, kwenye ya kawaida 50. Siku ya kwanza nilitandika kitenge chekundu chenye maua ya njano kwenye baraza, mdogo wangu akapiga picha kwa simu yake, nami kwa yangu, tukawatumia wateja wangu watano wa muda mrefu kwa WhatsApp bila kusema ipi ni ipi. Wawili walipenda ya kwake, wawili ya kwangu, mmoja akauliza bei. Sababu inaeleweka. Ultra yenyewe ukiiacha kama ilivyo inaunganisha hizo megapikseli 200 na kukupa picha ya 12, na WhatsApp nayo inaibana picha kabla ya kuipeleka. Mteja anayeangalia stetasi kwenye daladala hafikiwi na hizo 200. Kwenye kuvuta pia, zote mbili zina lenzi ya kuvuta mara 3. Ultra inaongeza nyingine ya mara 5, na tofauti niliiona ukumbini kwenye harusi, nikiwa meza ya nyuma na bibi harusi yuko jukwaani. Harusi ninazohudhuria kwa mwaka hazifiki kumi, kwa hiyo peke yake isingenitoa milioni.

Kilichonilipa kilikuwa kitu ambacho sikukisoma kwenye tangazo lolote. Wateja wangu wa madera ya nakshi huwa wanasema, "Dada, nisogezee nione uzi." Wanataka kuona kama nakshi imeshonwa imara au imebandikwa tu, kama nyuma kuna nyuzi zinaning'inia. Ultra naisogeza mpaka sentimita chache kutoka kwenye kitambaa, inatulia, na kila tundu la sindano linaonekana, mpaka ule unywele mdogo wa pamba pembeni ya uzi. S24 ya kawaida ukiisogeza hivyo inaleta ukungu, kwa sababu lenzi yake pana haina uwezo wa kujilenga yenyewe kwa karibu kama ya Ultra. Inabidi urudi nyuma, uvute, na mkono usitikisike. Inawezekana, ila ukiwa na madera arobaini ya kupiga kabla jua halijapanda, mkono unachoka. Tangu nianze kuweka picha hizo za karibu, maswali ya "nitume nyingine" yamepungua sana, na mteja wa Mwanza au Mbeya analipia bila wasiwasi mzigo ambao hajaushika.

Kitu cha pili ni kalamu. Niliichukulia kama pambo, nikaja kuitumia zaidi ya nilivyotegemea. Mteja akituma picha ya mshono anaoutaka, naichomoa kalamu naandika vipimo juu ya picha ileile: kifua hapa, mkono hapa, urefu mpaka hapa. Kisha namtumia fundi cherehani wangu. Zamani niliandika kwenye meseji ndefu na fundi alikuwa anachanganya kiuno na nyonga. Tena kalamu ya S24 Ultra ina Bluetooth, unabonyeza kitufe chake na simu inapiga picha ikiwa imesimama mbali. Navaa dera mwenyewe, naegemeza simu dirishani, nabonyeza. Nilikuwa nikimsubiri binti wa jirani atoke shule ndiyo anipige.

Hapa niongeze neno kwa anayesubiri toleo jipya. S25 Ultra ilipotoka mwanzoni mwa 2025, kalamu yake iliondolewa Bluetooth. Kile kitufe ninachokitumia kila siku hakifanyi kazi hiyo tena. Ningeenda dukani nikijua tu kwamba mpya ni bora, ningelipa zaidi nikapoteza kitu. Andika unachokitegemea, kisha kitafute kwenye simu husika kwa jina lake.

Betri tuliijua mapema, kwa sababu tulinunua kipindi cha mgao wa umeme, kabla mitambo ya Bwawa la Nyerere haijaanza kutuletea nafuu. Ultra ina mAh 5,000 na inapokea chaji ya wati 45. Ya kawaida ina mAh 4,000 na wati 25. Umeme ukirudi kwa saa moja tu, yangu ilishiba kiasi cha kunifikisha usiku, ya mdogo wangu iliondoka mezani ikiwa bado na kiu. Chaja haipo kwenye boksi la simu yoyote kati ya hizo, kwa hiyo weka bajeti yake, na usinunue ya barabarani kwa simu ya bei hiyo. Na kama unafanya kazi juani, kioo cha Ultra hakirudishi mwanga ovyo. Corning wanaokitengeneza wanasema kinapunguza mng'ao hadi asilimia 75. Saa saba mchana nimesimama Msimbazi nasoma muamala wa mteja bila kuziba simu kwa kiganja. Mdogo wangu lazima atafute kivuli.

Sasa upande mwingine, maana nisiposema haya nitakuwa namdanganya mtu. Ultra ni nzito. Ni gramu 232, ya kawaida ni 167. Kwenye karatasi gramu 65 si kitu. Fanya laivu ya saa moja na nusu umeishika mkononi ndipo utajua. Kidole changu cha mwisho, kile kinachobeba simu kwa chini, kilianza kuuma mwezi wa tatu, na alama ya kubonyea ilikuwa inabaki pale mpaka nalala. Nilinunua stendi na hali ikatulia, lakini mwenye mkono mdogo na asiye na stendi asilipuuze hili. Haiingii vizuri kwenye mfuko wa suruali, na kwenye mkoba mdogo inashinda na pochi. Kioo chake kikipasuka, bei ya kubadilisha inatisha. Mdogo wangu anapanda bodaboda mara nne kwa siku kati ya ofisi na getini, na simu yake inazama mfukoni haionekani. Kwenye mambo ya vibaka hiyo ni faida kubwa.

Kasi sina la kusema. Ultra ina RAM, ile memori simu inayofanyia kazi, ya GB 12, ya kawaida 8, na kwa kazi zetu hatujaona tofauti. Na masasisho ya mfumo ni yaleyale: Samsung wameahidi miaka 7 kwa zote mbili, maana yake mpaka 2031. Hili liangalie kwa kila kampuni, kwa sababu si wote wanaowatendea sawa wanunuzi wa toleo la kawaida. iPhone 15 ya kawaida, kwa mfano, haikupata Apple Intelligence, yaani huduma za akili mnemba za Apple, ilipokuja mwaka mmoja baadaye, wakati 15 Pro ya msimu uleule ilipata. Anayepanga kukaa na simu miaka mitano anatakiwa kulijua hilo kabla hajalipa.

Kwa wenye bajeti ya chini ya hapo hesabu ni ileile, na mara nyingi pengo ni dogo zaidi. Chukua simu za Xiaomi, Redmi Note 13 na Note 13 Pro, zile za 4G. Kioo ni inchi 6.67 kwa zote, AMOLED ya 120Hz, betri 5,000 kwa zote. Unacholipia kwenye Pro hasa ni kamera inayotuliza mtikisiko wa mkono na chaji ya wati 67 badala ya 33. Kama hupigi video ukitembea na nyumbani umeme haukatiki sana, ya kawaida inakutosha.

Kuna njia ya tatu ambayo wengi wanaipenda: Ultra iliyotumika, ya kutoka Dubai, kwa bei ya S24 mpya. Siikatai, nina ndugu wanaozitumia kwa amani. Ila shoga yangu aliuziwa moja ambayo kioo kilikuwa kimebadilishwa, akagundua wiki mbili baadaye kwamba kalamu haiandiki upande wa kulia na alama ya kidole inakataa. Muuzaji akamwambia ameiharibu mwenyewe. Alilia mbele yangu, na ile ilikuwa hela ya ada. Ukiwa dukani, kabla hujatoa hela, piga *#0*# kwenye Samsung. Itafunguka menyu ya majaribio. Bonyeza rangi moja moja uone kama kioo kina doa, kisha jaza miraba ya mguso mpaka pembeni kabisa, kisha rudia kwa kalamu. Sajili kidole chako palepale. Piga *#06# upate IMEI, namba ya utambulisho wa simu, uitume kwa meseji kwenda 15090, namba ya kuhakiki simu hapa Tanzania, uone kama jina la simu linalorudi ndilo unalouziwa. Muuzaji anayekuharakisha kwenye dakika hizo kumi, mrudishie simu yake uondoke.

Mwezi uliopita mdogo wangu alianza kulalamikia betri, akasema labda naye ahamie Ultra. Nikamwambia tubadilishane kwa siku tatu, kila mtu na laini yake, afanye kazi zake zote kwa simu yangu nami kwa yake. Naomba kila anayeweza afanye hivyo na ndugu au rafiki kabla ya kununua, kwa sababu siku tatu zinakuonyesha usichokiona kwenye video za mtandaoni. Siku ya kwanza alifurahia chaji. Siku ya pili jioni aliingia sebuleni na kofia ya bodaboda mkononi, akaiweka Ultra mezani. "Dada, nipe simu yangu. Hii kila nikikaa inataka kutoka mfukoni." Mimi nilikuwa na dera la nakshi limetandikwa kwenye kochi tangu asubuhi, na picha ya karibu ilikuwa bado haijatulia. Tukatoa laini, tukarudishiana. Kesho yake alikwenda kwa fundi kuweka betri mpya, na picha zake akazihamishia kwenye kompyuta ya ofisini.